Kuchuja Matini kwa Regeksi: Mashine, Mofimu na Maana katika Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nchini Kenya, ukweli wa methali hii ulidhihirika kwa machungu baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo. Miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa kwa kuzichochea ghasia hizo ni maneno: yale yaliyotamkwa majukwaani, yaliyotangazwa redioni na yaliyosambazwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo katika kifungu cha 13 inaharamisha matamshi ya chuki. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ila uhuru huo haujumuishi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Sheria ikishatungwa, huzuka swali la utekelezaji. Je, ni nani atakayeyasoma maneno yote yanayoandikwa kila siku katika simu na katika intaneti ili kuyatenga yale yasiyofaa? Mwanatarakilishi hulijibu swali hili upesi: kazi hiyo ifanywe na mashine. Ala ya kwanza anayoishika kwa kazi ya namna hiyo ni regeksi, yaani lugha fupi ya alama inayotumiwa kuieleza tarakilishi umbo la matini inayotafutwa au inayotakiwa kuachwa nje.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi regeksi zinavyotumiwa kutenga matini, na kubainisha kwamba chujio lolote la Kiswahili lililoundwa pasipo kuzingatia mofolojia ya Kiswahili litawazuia wasio na hatia na kuwaachilia wenye hatia. Kwa sababu hiyo, suala hili ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la wahandisi peke yao, kwa hakika ni suala la mwanafunzi wa Kiswahili.

Asili ya regeksi

Regeksi hazikuzaliwa katika viwanda vya tarakilishi. Chimbuko lake ni kazi ya mwanahisabati Mmarekani, Stephen Kleene, ambaye mwaka 1951 alikuwa akichunguza namna ya kueleza kihisabati utendaji wa mitandao ya neva. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1956. Alama ya nyota anayoitumia kila mwanaprogramu hadi leo kumaanisha urudiaji huitwa nyota ya Kleene kwa heshima yake. Mnamo 1968 Ken Thompson alichapisha maelezo ya jinsi tarakilishi inavyoweza kuitumia nadharia hiyo kutafuta maneno katika matini, na kufikia mwaka 1973 programu yake iitwayo grep ilikuwa ikitumika katika mfumo wa Unix. Lugha ya Perl, iliyoasisiwa na Larry Wall mwaka 1987, ilizieneza regeksi kwa wanaprogramu wengi zaidi.

Kwa mwanaisimu, dhana hii si ngeni. Regeksi ni ruwaza. Tunaposema kuwa kitenzi cha Kiswahili huundwa kwa kiambishi cha nafsi, kikafuatwa na kiambishi cha njeo, kisha mzizi na kiishio, tunaeleza ruwaza. Tofauti ni kwamba mwanaisimu huieleza ruwaza yake kwa binadamu mwenzake, ambaye ataelewa hata pale maelezo yanapopungua. Mashine haielewi. Huitekeleza ruwaza kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Njia rahisi kabisa ya kutenga matini ni ile ya programu ya grep yenyewe. Ikipewa ruwaza, huonyesha mistari yote yenye ruwaza hiyo; ikiongezewa alama -v, hufanya kinyume, yaani huonyesha mistari yote isiyokuwa nayo. Alama hiyo moja hutosha kulitia chujio kazini. Lililo gumu ni kuiandika ruwaza yenyewe.

Doa, ndoa na Kondoa

Tuchukue mfano wa neno ambalo limewasumbua Wakenya. Neno "madoadoa" katika matumizi ya kawaida ni alama za rangi tofauti katika ngozi au kitambaa: ng'ombe huwa na madoadoa, na kitenge pia. Hata hivyo, katika siasa za Bonde la Ufa neno hilo limetumiwa kuwarejelea watu wa jamii nyingine wanaoonekana kuwa wageni katika eneo fulani, na "kuondoa madoadoa" kukawa na maana ya kuwafukuza. Mnamo Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki. "Madoadoa" lilikuwemo, na "kwekwe" pia.

Sasa tumfikirie mwanaprogramu asiyejua Kiswahili ambaye ameagizwa kuunda chujio. Anaambiwa kwamba mzizi wa neno hilo ni "doa", naye anaandika ruwaza fupi:

doa

Ruwaza hii italikamata neno "madoadoa" bila shida. Lakini italikamata pia neno "ndoa", kwani herufi d, o na a zimo humo kwa mfuatano huo huo. Mialiko yote ya harusi itazuiwa. Litakamatwa pia neno "ondoa" pamoja na minyambuliko yake kama vile "ondoana". Aidha, wakazi wa Kondoa, mji ulio katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania na unaojulikana kwa michoro ya kale ya miambani, hawataweza hata kuutaja mji wao.

Mkasa wa namna hii umewahi kutokea kweli. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujisajili katika huduma ya intaneti ya AOL kwa kuwa ndani ya jina la mji wao zimo herufi zinazounda tusi la Kiingereza. Tangu wakati huo, kosa la chujio kukamata neno lisilo na hatia kwa sababu ya herufi zilizo ndani yake limekuwa likiitwa kwa jina la mji huo. Waswahili nasi tunaweza kuliita tatizo la Kondoa.

Mwanaprogramu akigundua kosa lake, huenda akakimbilia alama ya mpaka wa neno, ambayo katika regeksi huandikwa \b:

\bdoa\b

Ruwaza hii hudai kwamba "doa" lisimame peke yake. "Ndoa", "ondoa" na "Kondoa" yamesalimika. Lakini "madoadoa", neno lenyewe lililokusudiwa, nalo limeponyoka, kwa sababu lina kiambishi cha ngeli na uradidi wa shina. Katika Kiingereza, ambapo wingi wa nomino nyingi huonyeshwa mwishoni na kwa herufi chache, alama ya mpaka wa neno husaidia sana. Katika Kiswahili, ambacho hupachika mofimu kabla na baada ya mzizi, alama hiyo pekee haifui dafu.

Hapa ndipo utengaji unapohitajika. Tukiyachunguza maneno matatu tunayotaka kuyaacha nje, tunaona kwamba yote yana herufi n kabla ya "doa". Mwanaprogramu anaweza kuandika:

[^n]doa

Mabano ya mraba yenye alama ya ^ humaanisha "herufi yoyote isipokuwa n". Ruwaza hii itaikamata "madoa" na kuiacha "ndoa". Ila ina kasoro iliyojificha: inadai kuwepo kwa herufi fulani kabla ya "doa". Ujumbe ukianza na neno "doa" lenyewe, hakuna herufi iliyotangulia, na kwa hiyo neno halikamatwi. Njia bora zaidi ni kutumia kikanushi cha nyuma:

(?<!n)doa

Kikanushi cha nyuma huiambia mashine: kabla ya kukubali, tazama nyuma, ukikuta n, kataa. Hakidai herufi yoyote iwepo; kinakataza tu ile moja isiyotakiwa. Kwa ruwaza hii, "doa", "madoa" na "madoadoa" hukamatwa, ilhali "ndoa", "ondoa" na "Kondoa" huachwa. Suluhisho hilo fupi limetokana na kuyatazama maneno ya Kiswahili kwa jicho la mwanafonolojia.

Mzizi wa kitenzi na jamaa zake

Kitenzi huleta ugumu zaidi. Tuchukue mzizi -chom-, unaopatikana katika maneno "choma", "tuwachome", "wamechomwa" na "watachomeana". Chujio linalotafuta "choma" pekee litayakosa karibu maneno yote hayo, kwani kiishio hubadilika kwa njeo, hali na kauli. Ni lazima lianzie kwenye mzizi, huku likiruhusu herufi zozote kabla na baada yake. Alama \w* hufanya kazi hiyo:

\w*chom\w*

Kwa kuandika hivyo, hata hivyo, tumewakaribisha jamaa wasioalikwa. Jua "limechomoza" asubuhi. Mtu "amechomoa" msumari. Mwanafunzi "amechomekea" shati. Maneno haya hayahusiani na uchomaji. Tunaweza kuyatenga kwa kikanushi cha mbele, ambacho huitazama herufi inayofuata:

\w*chom(?!o|ek)\w*

Maana yake ni: kubali mzizi huu, ila usifuatwe na o wala na ek. Ni dhahiri kwamba mtu hawezi kuandika ruwaza hii bila kuijua minyambuliko ya vitenzi. Hata hivyo, anayeijua ataona mara moja tatizo lililobaki. Neno "chomeka" lina maana mbili: kuingiza kitu mahali, na pia kauli ya kutendeka ya "choma". Sentensi "nyumba zinachomeka kwa urahisi" itaachwa nje pamoja na shati la mwanafunzi. Mashine haiwezi kuzitofautisha kwa sababu umbo ni moja.

Mfano mwingine ni neno "kichomi", ambalo ni jina la maradhi. Mwanaprogramu anaweza kushawishika kuandika (?<!ki)chom ili kulitenga. Lakini -ki- ni mofimu yenye kazi nyingi. Katika "kichomi" ni kiambishi cha ngeli. Katika "tukiwachoma" na "akichomwa" huonyesha masharti au hali ya kuendelea. Ruwaza hiyo ingeliacha nje neno "akichomwa" pamoja na ugonjwa. Iliyo sahihi ni kulitaja neno zima, na kulitaja tangu mwanzo:

\b(?!kichomi\b)\w*chom(?!o|ek)\w*

Kuna pia maneno ambayo hutengwa kwa kuangalia neno jirani. Nairobi ni jiji la nyama choma. Kwa kuongeza (?<!nyama ) mbele ya ruwaza, tangazo la mkahawa litasalimika. Hata hivyo, katika lugha kadhaa za programu, Python ikiwa mojawapo, kikanushi cha nyuma hudai kuwa idadi ya herufi zinazotazamwa iwe maalumu. Haiwezekani kuandika humo "chakula chochote kitakachotajwa". Kwa hivyo wanaprogramu wazoefu hutenda kwa hatua mbili: kwanza huyaondoa mafungu ya maneno yanayoruhusiwa, kisha hutafuta yasiyoruhusiwa katika matini iliyobaki.

Ukanushi wa mashine na ukanushi wa sarufi

Mpaka hapa tumeshughulikia umbo. Tatizo kubwa zaidi linahusu maana. Wakati wa uhasama, wanaotumia mzizi -chom- si wachochezi tu. Wapatanishi huutumia vilevile: "Tusichome nyumba za majirani zetu." Chujio litakalouzuia ujumbe huu litakuwa limeinyamazisha sauti ya amani katika saa ambayo inahitajika mno. Kwa kuwa Kiswahili hupachika ukanushi ndani ya kitenzi chenyewe, inaonekana rahisi kuutenga:

\b(?!\w*si\w*chom)\w*chom\w*

Ruwaza hii huyaacha nje maneno kama "tusichome", "msiwachome" na "wasichomwe". Kwa mtazamo wa kwanza ni ushindi. Lakini tuzitazame sentensi mbili zifuatazo:

Kwa nini tusiwachome?

Wasipochomwa hawataondoka.

Zote mbili zina kiambishi -si-. Zote mbili zimekanushwa kisarufi. Na zote mbili ni uchochezi mtupu. Ya kwanza ni swali la balagha lenye maana kinyume cha umbo lake. Ya pili inatumia masharti ya ukanushi kutoa kitisho. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mpatanishi umepitiwa na mchochezi. Kinyume chake pia hutokea: katika sentensi "Usikubali akuambie twende tukawachome", kitenzi chenye mzizi huo hakina ukanushi wowote, kwani ukanushi umo katika neno jingine lililotangulia. Mpatanishi huyu atazuiwa.

Regeksi ina uwezo wa kukanusha herufi. Haina uwezo wa kuelewa kilichokanushwa na msemaji. Hiyo ni tofauti iliyopo baina ya mofolojia kwa upande mmoja na semantiki na pragmatiki kwa upande mwingine, nayo haiondolewi kwa kuongeza alama.

Zaidi ya hayo, mwandishi wa ujumbe si mtu wa kukaa akisubiri kukamatwa. Vijana waliozoea kufupisha maneno katika simu huandika "2taonana" badala ya "tutaonana". Kwa mtindo huo huo mtu anaweza kuandika "mad0ad0a" kwa kutumia sifuri. Chujio litaongezewa [o0], naye atabuni mbinu nyingine. Hatimaye ataliacha neno lenyewe na kutumia sitiari. Nchini Rwanda mwaka 1994, neno "inyenzi", ambalo kwa Kinyarwanda ni mende, lilitumiwa kuwarejelea Watutsi waliolengwa kuangamizwa. Hakuna ruwaza iwezayo kuzuia sitiari hiyo kwa Kiswahili bila kumzuia pia mfanyabiashara anayetangaza dawa ya mende na kunguni.

Funzo la Kilimani

Changamoto hizi zilikabiliwa kivitendo katika mtaa wa Kilimani, jijini Nairobi. Katika jumba la Bishop Magua, kando ya barabara ya Ngong, kituo cha wabunifu wa teknolojia cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010. Waanzilishi wake walitoka katika kundi lililounda Ushahidi, jukwaa lililobuniwa Januari 2008 kuweka katika ramani taarifa za ghasia zilizotumwa na wananchi. Mnamo Septemba 2012, kitengo cha utafiti cha iHub kikishirikiana na Ushahidi kilianzisha mradi ulioitwa Umati, kwa lengo la kufuatilia matamshi hatari katika intaneti kuelekea uchaguzi wa Machi 2013.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba mradi huo, ulioendeshwa na watu walioishi na tarakilishi usiku na mchana, haukuanza kwa kuiachia mashine kazi. Ulianza kwa kuajiri wasomaji. Wasomaji hao walipitia matini za Kiingereza, Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kiluhya, Kikalenjin, Kijaluo na Kisomali, na kuyapanga matamshi katika makundi matatu kwa kadiri ya hatari yake. Walitumia vigezo vilivyotungwa na msomi Susan Benesch: ushawishi wa msemaji, hali ya hadhira, maudhui ya tamshi, muktadha wa kihistoria na kijamii, na njia iliyotumiwa kulisambaza. Kati ya vigezo hivyo vitano, ni maudhui pekee ambayo ruwaza inaweza kuyagusa, tena kwa sehemu tu. Ni baada ya kupata hazina ya mifano iliyokwisha kuainishwa na binadamu ndipo watafiti walipoanza kutafuta namna ya kuihusisha mashine.

Miaka 10 baadaye tatizo lilikuwa bado hai. Mnamo Julai 2022, shirika la Global Witness likishirikiana na Foxglove liliripoti kuwa lilikuwa limewasilisha kwa Facebook matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili kuona kama yangezuiwa. Yale ya Kiswahili yaliidhinishwa. Yale ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa sababu ya sarufi na lugha ya matusi, lakini yaliporekebishwa kidogo, nayo yaliidhinishwa. Matangazo hayo yaliondolewa na watafiti kabla ya kumfikia msomaji yeyote. Kampuni yenye mashine za kisasa kuliko regeksi ilijikwaa palipo na kisiki kile kile.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba regeksi hazina faida. Mtu anayekabiliwa na matini nyingi kupita uwezo wa macho yake anazihitaji, mradi azitumie kwa nidhamu. Kwanza, ruwaza itumiwe kuteua yale yanayostahili kusomwa na binadamu, isiachiwe kuyafuta. Pili, kila ruwaza ijaribiwe kwa orodha mbili: ya maneno yanayopaswa kukamatwa, na ya maneno yanayopaswa kuachwa. Wanaprogramu wengi huikumbuka orodha ya kwanza na kuisahau ya pili, na ndiyo maana wakazi wa Kondoa huumia. Tatu, kila kitengwacho kwa kikanushi kichunguzwe upya mara kwa mara, kwani mlango wa msamaha ndio wa kwanza kugunduliwa na mwenye nia mbaya.

Hali kadhalika, ipo kazi ya kitaaluma inayowasubiri wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tangu miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekuwa akiunda mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi, ambao baadaye uliitwa SALAMA. Kazi hiyo imethibitisha kuwa viambishi vyetu vinaweza kuelezwa kwa mashine kwa ukamilifu unaoridhisha. Ni jambo la kutafakari kwamba jitihada kubwa kama hiyo ilifanyika Ufini, mbali na wenye lugha. Majedwali ya viambishi na minyambuliko ambayo wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mitihani ndiyo yale yale anayoyahitaji mwanaprogramu wa Kilimani. Kutoka kumbi za mihadhara za Chuo Kikuu cha Nairobi hadi barabara ya Ngong si mwendo mrefu. Idara za Kiswahili na za sayansi ya tarakilishi zikiketi pamoja, zikaandika orodha ya maneno ya kukamatwa na ya kuachwa, zitakuwa zimetoa mchango ambao hakuna mgeni awezaye kuutoa kwa niaba yetu. Uchaguzi hurudi kila baada ya miaka 5, na maneno yake huanza kusambaa mapema.